Ndiyo Zote Nilizokusanya Walthamstow

Haya wanangu, siku mliponiaga mlinipa daftari lenye jalada la kitambaa mkasema, "Nyanya, andika ulivyoifanya kazi, nasi tujifunze." Mimi shule niliishia darasa la tatu kule Voi, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea, na mnajua ninavyoongea, nikianza basi huja likaondoka mtu akiwa bado amesimama pale kituoni ananisikiliza. Mshahara siusemi. Vyeo pia sivisemi, maana sikuwa navyo. Nitasema nilivyoingia, nilivyofundishwa, na lile kosa langu kubwa ambalo ninyi mmelisikia nusu nusu, tena kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilianza na ufagio. Kile chumba chetu cha mikutano, kile cha juu ya duka la kufulia nguo, mimi ndiye nilikuwa nakisafisha asubuhi. Kila Jumanne kikundi cha mtaa kilikutana pale, watu wa roho nzuri, wanapanga vile mtaa wetu unaweza kuishi bila kutupa tupa vitu. Wakati huo maneno yao sikuyaelewa hata kidogo, yalikuwa marefu kama treni. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia hivi: kitu kikitoka kwa huyu kiingie kwa yule. Maganda ya viazi yawe udongo, kabati la marehemu liwe kabati la bwana harusi, fundi wa hapa atengenezee watu wa hapa. Na wanaopanga hayo wawe wenye mtaa wenyewe, si mtu wa mbali mwenye viatu visivyojua vumbi letu. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Mengine ni karatasi.

Sasa asubuhi moja nafuta meza, nikaona wameacha ramani ya Walthamstow, mtaa wetu huu, ukutani, imejaa vikaratasi vya rangi vile vya kunata. Soko lile refu lina vikaratasi, stesheni ina vikaratasi, hata choo cha umma kina kikaratasi chake. Mzee Desmond alikuwa amekaa pembeni na magazeti yake. Huyu alikuwa mzaliwa wa Jamaika, amechora ramani za kaunsili, hiyo serikali ya mtaa, maisha yake yote, na baada ya kustaafu akaja kujitolea kwetu kwa sababu mkewe alimwambia hataki kumwona nyumbani kabla ya saa kumi.

Nikamuuliza, "Hapa kando ya reli mbona hamjaandika kitu?"

"Hapo hakuna kitu. Ni matao matupu."

"Matupu! Mimi napita hapo kila siku."

Nikamhesabia. Chini ya reli, kwenye matao yale ya matofali, la kwanza lina Papa Josué, Mkongomani wa Bukavu, anafufua baiskeli ambazo hata wenyewe walishazililia. La pili lina mtu wa mabirika na pasi. La tatu ni la Bi Zuhura wa Mombasa, Kisauni, fundi cherehani. Pazia la hoteli analigeuza sketi. Koti la babu analikata mpaka linamkaa mjukuu. Nikaendelea hivyo mpaka mwisho wa reli. Mzee Desmond akanyanyuka, akanipa peni.

"Andika."

"Mimi naandika polepole."

"Reli haiendi popote," akasema.

Hivyo ndivyo matao yalivyoingia kwenye ramani, na mimi nikaingia kazini. Wiki iliyofuata nilikuwa natumwa nyumba hadi nyumba kuuliza watu wanataka mtaa wao uweje, hasa watu wetu, Wakenya, Wakongomani, Watanzania, ambao mikutanoni hawaji. Hawaji kwa sababu wako zamu, wanatunza wazee wa watu wengine au wanafuta sakafu za watu wengine. Si kwamba hawana la kusema. Mna habari vile wanasema!

Mzee Desmond alinifundisha ramani kwa siku tatu. Nilikuwa naikunja shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Akaniambia, "Geuza karatasi, usigeuze shingo. Unakoelekea wewe, na ramani ielekee." Basi, nikajua. Miaka yote shule haikuniambia hivyo. Akanipa penseli, akasema peni zinagoma kwenye baridi na mvua ya hapa inaosha wino, lakini penseli haina habari. Ule mfuko wangu wa magurudumu mnaoujua niliutafuta mwenyewe, na soksi za pili ndani yake. Msidharau soksi. Kazi ya kusikiliza watu inataka miguu mikavu.

Kitu kimoja ambacho Mzee Desmond hakukijua ni mlango. Watu wetu wengi walikaa miaka wakingoja karatasi zao za ukimbizi, na mtu aliyekaa hivyo mlango ukigongwa ghafla mwili wote unaruka. Kwa hivyo mimi nilikuwa napanda ngazi nikiimba nyimbo za kanisani, kwa sauti, hata kama sauti yenyewe Mungu alininyima. Nikifika orofa ya tatu mtu ameshajua ni mama tu, si serikali, na mlango umeshafunguliwa. Halafu fomu inasema dakika kumi kwa kila nyumba. Dakika kumi! Dakika kumi salamu hazijafika hata kwa wajukuu.

Sasa naja kwenye lile kosa.

Mkubwa wetu wakati ule alikuwa Priya, mtoto wa hapa hapa, anatembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Kaunsili ilileta mpango. Matao yatengenezwe yawe kituo cha kijani cha mtaa, vioo mbele, kahawa, maua, mahali pa kufundishia watu habari za kutunza dunia. Na mafundi? Mafundi wahamishiwe ghala moja kubwa huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, lina joto na umeme wa jua juu ya paa. Kwenye karatasi lilipendeza, siwezi kusema uongo. Tuliambiwa tukaulize mtaa, swali moja tu, unakubali au hukubali, ndiyo au hapana.

Nikaenda. Nikaimba ngazi zote. Niliwasomea watu kila kitu, Hayes na yote, sikuficha neno. Na kila mtu akaniambia ndiyo. Wenzangu wanarudi na fomu mchanganyiko, huku hapana, kule sijui, pale wamefukuzwa. Mimi narudi na ndiyo tupu, zimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Priya alinikumbatia. Ijumaa akaleta keki yenye jina langu. Nilikula vipande viwili, nikapeleka cha tatu nyumbani.

Mzee Desmond akachukua zile fomu, akazipekua, akazipekua tena.

"Hakuna hapana hata moja?"

"Hata moja."

"Mama Wakesho, watu wa nyumba moja hawakubaliani chakula cha jioni. Hawa wote wamekubaliana?"

Nikakasirika. Nikamwambia wivu haumpendezi mtu wa umri wake. Akarudi kwenye gazeti lake. Fomu zikaenda kaunsili.

Baada ya wiki mbili hivi, zipu ya sketi yangu iliniaibisha kwenye basi. Nikapita kwa Bi Zuhura. Nikamkuta chini, anapanga nyuzi kwenye makopo ya biskuti, rangi kwa rangi, na cherehani amelivika shuka kama maiti.

"Hodi! Leo ni usafi?"

"Karibu, Mama Wakesho. Si usafi. Nafunga."

"Mnahama mapema hivi? Hayes bado."

"Hayes!" Akacheka. "Mimi Hayes nitafikaje? Saa sita natoka hapa mbio, naenda kumdunga mume wangu sindano yake ya sukari, namlisha, narudi. Ni dakika nane kwa miguu. Hayes nirudi na nini, mabawa?"

Nikakaa kwenye gunia la vitambaa.

"Zuhura. Mimi nilikuja kwako. Nikakusomea. Ukaniambia ndiyo."

"Nilikwambia."

"Kwa nini sasa?"

Akaanza kukunja kipande cha kitambaa, anakikunja na kukikunjua. "Dada, umepanda orofa nne na magoti yako hayo. Umekaa kwangu, umekula mahamri yangu, umemuuliza mume wangu hali mpaka akacheka, na ana mwezi hajacheka. Kisha unaniuliza swali, na fomu iko pajani. Nikukatalie usoni? Na nilijiambia, huyu amefagia miaka yote, ndio kwanza amepata kazi ya kukaa na watu. Akirudi kwa wakubwa wake na hapana, si watamfukuza? Nikasema, acha apate ndiyo yake."

"Na wewe je?"

"Mimi nilidhani yameshaamuliwa. Wewe umeletwa kutuambia vizuri tu."

Nikatoka hapo bila zipu. Nikaenda tao la kwanza kwa Papa Josué, yuko chini ya baiskeli. Nikamuuliza naye kwa nini. Akatoa kichwa. "Mama, weye ni mukubwa yetu. Mukubwa akikuya na kazi yake, hatuwezi kumuharibia." Anasema hivyo, na mwenyewe alikuwa ameshaandika tangazo la kuuza vifaa vyake.

Nilizunguka siku mbili. Kila mlango ni hayo hayo, kwa maneno yao. Zile ndiyo hazikuwa za matao, zilikuwa zangu. Watu walinipa zawadi, kila mtu alichokuwa nacho, na mimi nikazibeba zote nikaenda kuzikabidhi kaunsili kama hati ya kuwafukuza. Tena mimi ndiye niliyewatia kwenye ramani! Na nilipaswa kujua, wanangu. Mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijamkatalia mgeni kwangu. Mtu akija kuniuza mimi mwenyewe nitamwandalia chai kwanza. Nilipaswa kujua, lakini keki ilikuwa tamu.

Nilimwambia Mzee Desmond nikilia. Hakusema "nilikwambia". Aliniwekea chai, maziwa mengi kama ya mtoto, akangoja nimalize kupenga kamasi.

"Sasa nifanye nini?"

"Wewe ndiye uliyezipeleka. Wewe ndiye wa kwenda kuzirudisha."

Priya aliposikia alikaa chini, na Priya hakai. Akasema tukikiri kwamba fomu ni mbovu, kaunsili inaweza kusema kikundi chote hakifai kitu, na itapanga mtaa yenyewe bila sisi. Alikuwa na haki ya kuogopa, kazi ile aliijenga kwa miaka. Akashika kichwa. Kisha akasema, "Zuhura ana dakika nane tu?"

"Nane."

"Basi nenda. Nitakaa nyuma yako."

Kikao kilikuwa mchana, kwenye jumba la kaunsili, lile lenye ngazi pana. Nilivaa gauni la Pasaka. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja miwani yake iko kwenye mnyororo, na madiwani wamejipanga pande mbili kama kwaya isiyojua wimbo. Wakaniwekea kipaza sauti. Kiingereza changu mnakijua, kina viraka, lakini siku hiyo kilinifikisha. Nikawaambia zile karatasi zenye ndiyo tupu ni zangu mimi, na nawaomba wasizitumie.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Unasema wakazi walidanganya?"

"Hapana, mama. Walikuwa na adabu. Mimi nilikuwa mgeni wao, na mtu mzima, na walihofia kazi yangu. Wamenihurumia mimi. Hawakuwa wanajibu swali lenu."

Watu wakacheka, si vibaya. Lakini diwani mmoja mrefu, mwenye koti la kijivu, hakucheka. Akaniuliza, "Kama watu wako hawawezi kutuambia hapana, sisi tutajuaje wanachotaka?"

Swali zuri. Nilisikia Priya anapumua nyuma yangu. Nikasema, "Nipeni wiki sita." Kwa nini sita, hata leo sijui. Ilitoka tu, na wakaandika sita.

Wiki mbili zikapita, nazunguka jikoni kama kuku. Nikienda kuuliza tena, watanipa hapana kwa huruma ile ile waliyonipa ndiyo. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, akina mama wananizunguka kama kawaida: mkono wa sufuria umetoka, begi la mtoto limepasuka, mashine ya kufulia inalia kama mbuzi. Nikasimama na kikombe mkononi. Nikaona kumbe mtu ukimuuliza anataka nini, atakutafutia unachokitaka wewe. Muulize nyumbani kwake nini kimeharibika, utamnyamazisha wewe?

Basi tukaomba ukumbi wa kanisa, Jumamosi nzima. Mzee Desmond akapiga magoti na chaki, akachora mtaa wetu sakafuni, soko, stesheni, shule, reli na matao yake moja moja. Alimaliza akashindwa kunyanyuka, tukamnyanyua watu watatu, anatutukana kwa Kijamaika. Hayes aliichora pia, kwa haki, kule mbali kabisa karibu na mlango wa choo. Tangazo letu lilikuwa fupi: njoo na kitu kilichoharibika, kiweke pale ambapo ungekipeleka kitengenezwe. Hakuna fomu wala maswali, na mimi nilijifungia jikoni na sufuria ya pilau ili mtu asije akanihurumia.

Nilikuwa nachungulia kwenye kidirisha cha jikoni, hiyo nakiri. Mwanzo watu sita, kila mtu anashika pasi yake kama mtoto wa kubatizwa. Saa nne wakawa wengi. Saa sita sikuona tena chaki ya matao. Baiskeli, mabirika, viatu, suruali, taa, kiti cha magurudumu, mwanasesere asiye na mguu. Hayes palikuwa na sanduku moja la safari, la bwana mmoja anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Watu wakamcheka, naye akapaza sauti, "Niacheni! Si ndiko ninakofanya kazi!" Tukaliacha hapo hapo, ni jibu lake.

Diwani wa koti la kijivu alikuja. Alisimama katikati ya sakafu, hajui aweke mguu wapi. Bi Zuhura naye akaja na cherehani la mkono, akamwambia mtu ampishe, akakaa juu ya tao lake la chaki akaanza kushona zile zilizokuwa zimewekwa pale. Hakumwuliza mtu. Anashona tu, na suruali zinapungua. Diwani akamwangalia muda mrefu, akauliza kitu, nadhani anaweza kumaliza ngapi kwa siku. Bi Zuhura akainua macho akaona bitana ya koti lake inaning'inia.

"Vua," akamwambia.

Diwani wa watu akasimama na shati kando ya hita, ameshika mikono, anangoja koti. Saa sita ilipofika, Bi Zuhura akaacha sindano ndani ya bitana, akamwambia, "Ngoja hapo," akatoka mbio kwenda kwa mume wake. Dakika ishirini na tano. Diwani akangoja. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi, si pilau yangu.

Mpango ulirudishwa, ukaandikwa upya, na safari hii mafundi walikaa mezani wenyewe. Matao yalibaki yao. Paa linalovuja likazibwa. Vioo na kahawa vikapewa tao moja la mwisho, na huko ndiko Papa Josué anafundisha watu baiskeli siku za Jumamosi, kwa lugha nne, zote anazichanganya. Si kila kitu kilikaa sawa. Mtu wa mabirika aliondoka, akaenda Lewisham kwa binti yake, alisema amechoka kungoja kuambiwa. Huyo tulimpoteza, na kosa hilo nalihesabu langu.

Kwa hivyo ninyi mnaokwenda milangoni sasa, nawaomba machache. Msichukue jibu siku ile ile mliyokunywa chai ya mtu. Acheni karatasi, na akaichukue mwenzenu ambaye hajulikani pale. Mkubwa akienda kuuliza, na mdogo aende naye. Mkipata ndiyo tupu, msilete keki, rudini mlangoni. Na mwambieni mtu mapema, kabla ya swali, kwamba kazi yenu haitaharibika akikataa. Mwambieni mara mbili.

Wiki yangu ya mwisho nilikuwa na swali moja limebaki: mapipa ya kugeuza mabaki ya chakula kuwa udongo, yawekwe kando ya tao la tatu? Nilijua napaswa kumtuma mwingine. Sikumtuma. Nilitaka kuaga. Nikapanda zile orofa nne, naimba, magoti yanaitikia. Mume wake alikuwa amekaa dirishani, akanipungia. Tukaongea mpaka nikasahau nilichojia, kisha nikakitoa. Nikamwambia Bi Zuhura, "Fikiri, usinijibu leo."

Akamwangalia mume wake, akaniangalia mimi, akavuta mtandio wake.

"Hapana," akasema, polepole sana, kama anaweka yai mezani. "Harufu itaingia kwenye nguo za watu."

Akaganda ananiangalia uso, kuona umefanya nini. Uso wangu ulikuwa unacheka wenyewe, siwezi kuuzuia.

"Dada, hukukasirika?"

"Sema tena niandike vizuri."

"Hapana," akasema, safari hii kwa sauti, na mume wake akageuka kutoka dirishani. "Hapana, hapana! Si hapo. Yawekeni upande wa Josué, yeye hana pua." Nami nikaandika.